Wasiwasi wa Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha leo alfajiri. Nimeanza daftari hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, kliniki wamesema niandike. Ya pili, binti yangu amesema nisipoandika atajua tu.

Mimi ni dobi, napiga pasi. Kufua ilikuwa kazi ya mke wangu, na sasa anafua mdogo wake, yaani shemeji yangu, mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mke wangu alifariki mwaka jana, mvua kama hizi zilipokuwa zinaelekea kwisha. Mtoto tunaye mmoja. Anaendesha lori la maziwa. Anaondoka kabla ya jogoo, anazunguka vituo vya wafugaji kule milimani, anayafikisha kiwandani mchana. Zaidi ya nusu ya njia yake ni udongo mtupu.

Jana alinionyesha simu yake. Siku moja nimempigia mara kumi na tisa.

"Baba, hata mchumba hapigi hivi."

"Ni mapenzi, mwanangu."

"Najua ni mapenzi. Lakini huli, hulali, umekonda mpaka pasi inakuzidi uzito. Twende kliniki."

Nimekubali ili tu aache kusema. Leo alasiri tumekwenda kujiandikisha; wamesema niandike kila siku mpaka nimwone mshauri Jumatatu ijayo.

Jumanne, 3 Machi
Mvua. Hakuna kilichokauka.

Jumatano, 4 Machi
Mvua. Tumeanika ndani. Shemeji anasema nyumba imekuwa kama meli ya mashuka.

Jumatatu, 9 Machi
Leo nimekwenda kwa mshauri. Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na seremala mmoja mnene, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliniuliza nimeletwa na nini. Nikasema kuwaza. Akasema, "Basi una bahati, ndugu yangu. Wewe unawaza kimya. Mimi yangu yanasema kwa sauti." Sikujua nicheke au nimpe pole. Yeye alicheka, nami nikamfuata.

Mshauri ni kijana wa kike, rika la binti yangu. Gauni lake lilipigwa pasi vibaya mgongoni, nikajizuia kusema. Nilidhani ataniambia niache kuwaza, kama wanavyoniambia watu wote. Hakusema hivyo. Aliniuliza, "Baba, huu wasiwasi unakusaidia nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifikiri kidogo, nikamwambia wahenga walishasema, wasiwasi ndio akili. Nikiacha kumuwaza mwanangu, ndipo baya litakapompata. Aliandika, hakucheka.

"Na unakudhuru?"

Nikasema sana. Naogopa siku moja utanipasua kichwa. Na nikitaka kuusimamisha, hausimami.

"Kwa hiyo unauhitaji, na papo hapo unauogopa. Kama mlinzi mlevi."

"Mlinzi mlevi mwenye bunduki," nikasema.

Tukacheka wote wawili. Akasema hatanisumbua sana kuhusu barabara wala lori. Atanisumbua kuhusu kuwaza kwenyewe, na yale ninayoyaamini juu ya kuwaza. Kazi aliyonipa ni hii: wazo likija mchana, nisilifukuze, wala nisilivutie kiti. Niliambie, "Saa kumi na moja jioni." Saa hiyo ikifika nikae, niwaze dakika kumi na tano, kisha ninyanyuke. Na simu kwa binti ni moja tu kwa siku, akishafika kiwandani.

Shemeji aliposikia alipiga kofi beseni. "Shemeji ana miadi na wasiwasi! Utavaa suti, au utaupokea na kanzu ya kulalia?"

Alhamisi, 12 Machi
Siku ya tatu. Asubuhi wazo la kwanza lilikuja nikiwa kwenye mkono wa shati: daraja la chini, maji yamejaa. Nikaliambia saa kumi na moja. Likarudi kwenye kola. Nikaliambia tena. Nadhani niliahirisha mara arobaini, nikachoka kuliko siku ya mashuka ya harusi.

Saa kumi na moja nilikaa kwenye kigoda na saa mkononi. Katika arobaini nilikumbuka matatu. Hilo limenishangaza. Mawazo yaliyokuwa yanadai kuwa ni ya dharura, mengine yamejiendea bila kuaga.

Jumamosi, 14 Machi
Jua saa mbili nzima. Tumeanika, tumeanua, tumecheka.

Jumanne, 17 Machi
Nimepata hila. Kwa kuwa mawazo yanapotea kabla ya saa kumi na moja, na huenda katika yaliyopotea limo la maana, nayaandika kwenye vipande vya karatasi na kuvitia mfukoni. Jioni navitoa kimoja kimoja. Mshauri hakuniagiza hivyo, lakini naona ni nyongeza nzuri.

Mke wangu alikuwa akikagua mifuko yote kabla ya kufua. Alitoa tiketi, vifungo, mbegu za matunda, mara moja barua ya kumwomba mtu msamaha ambayo ilikuwa haijapelekwa. Aliikausha juani, akamrudishia mwenyewe bila kusema neno. Baadaye yule bwana alikuja na mkewe kuchukua nguo, wameshikana mikono.

Jumatatu, 23 Machi
Kliniki. Seremala naye alikuwepo. Nilimuuliza hiyo sauti humwambia nini. Alisema humwita jina na kumwambia mbao zake zote zimepinda. Zamani alikuwa anaacha randa, anakaa kuisikiliza mpaka imalize, maana aliamini asipoisikiliza mpaka mwisho itamwadhibu. Haikumaliza kamwe. Mteja mmoja anasubiri kitanda mwezi wa nane huu.

"Dawa nameza, zinasaidia," alisema. "Lakini kilichonilaza chini si sauti, ndugu yangu. Ni ile imani kwamba lazima niitii. Siku hizi ni kama redio ya jirani. Naisikia, naendelea kupiga randa."

"Na ikikuambia mbao imepinda?"

"Napima kwa rula. Mara nyingi imenyooka. Mara moja ilikuwa imepinda kweli, nikasema ahsante."

Mshauri kwa upande wake aliniuliza kuhusu jioni, pale ninapokaa kuyarudia ya mwaka jana. Nilimwambia nayapitia ili nielewe. Akauliza, "Ng'ombe wa hao wafugaji wakicheua, wanatoa maziwa. Wewe ukicheua, unapata nini?" Nimelibeba swali hilo mpaka nyumbani.

Ijumaa, 27 Machi
Leo nimepatikana.

Asubuhi aliingia mwalimu mkuu wa shule ya pale juu kilimani, mama mkavu asiyependa mzaha, anayeleta makoti yake kila wiki. Mkononi ana kipande cha karatasi.

"Dobi, hii ni nini?"

Niliutambua mwandiko wangu kabla ya kusoma. *Breki zikikataa mteremkoni je?* Nilikuwa nimeitia mfukoni. Mfukoni mwa koti lake, lililokuwa juu ya meza, badala ya mfuko wangu.

"Nimevaa koti Jumanne, nimetia mkono mfukoni, nimekutana na hii. Sikulala. Nikasema huyu ni mtu anayejua jambo, ananionya. Jana nimelipeleka gari kwa fundi."

Shemeji alikuwa amejificha nyuma ya shuka linalochuruzika maji, na shuka lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

Niliomba radhi mpaka ulimi ukakauka. Nikamweleza yote: mke wangu, binti, kliniki, saa kumi na moja. Alinisikiliza akiwa amesimama wima. Kisha akasema, "Fundi amekuta breki za nyuma zimekwisha kabisa. Amebadilisha." Akakiweka kipande mezani, akachukua makoti yake. Mlangoni akageuka. "Hata mimi nilifiwa na mume. Mwaka wa sita huu. Pole, Dobi."

Alipotoka tu nilimwambia shemeji, "Umeona? Umeona! Wasiwasi ndio akili!"

"Nimeona," alisema. "Wasiwasi wako umekosea gari."

Jumatatu, 30 Machi
Nilikwenda kliniki kama mtu anayekwenda kudai kombe. Nilimweleza mshauri habari ya breki nzima. Nikamwambia, hapo je, kuwaza hakukuokoa mtu?

Alifurahi kweli, si kwa kujifanya. Kisha akauliza, "Mwalimu mkuu aliwaza siku ngapi?"

"Tatu hivi."

"Halafu?"

"Akaenda kwa fundi."

"Na baada ya fundi?"

Nikasema baada ya fundi ameendelea na shule yake.

"Na wewe, lori la binti yako lilikaguliwa lini?"

Hukaguliwa kila Jumapili, kiwandani kuna mafundi wawili. Nalijua hilo kama ninavyoijua pasi yangu.

"Basi, Baba, akili ni ile iliyompeleka kwa fundi. Kazi hiyo ilikuwa na mwisho. Hiki kinachobaki baada ya fundi kumaliza, tukiite nini?"

Nje kulikuwa na mtu anafagia maji ya barazani. Nilisema huenda ni mazoea. Alisema tutaona. Vipande vya karatasi ameniomba niviache. Kasema mawazo yakitaka kupotea, niyape ruhusa.

Alhamisi, 2 Aprili
Mvua siku nne mfululizo. Naahirisha. Ni kama kukunja shuka peke yako, kunawezekana lakini kunakuchosha.

Jumapili, 5 Aprili
Zoezi jipya la mshauri: kusikiliza. Nafumba macho nasikiliza mvua kwenye bati, kisha maji kwenye mfereji, kisha redio ya jirani, kisha naruka kutoka moja kwenda jingine nitakavyo. Ni kujifunza kuwa mimi ndiye ninayeshika usukani wa kusikiliza kwangu. Nimelifanya huku pasi ikiwa juu ya shati. Shati limeungua; lilikuwa langu, namshukuru Mungu.

Alhamisi, 9 Aprili
Leo nitaandika yote.

Tangu asubuhi mvua ilikuwa kama imetumwa. Saa tatu mteja mmoja alikuja akasema kule juu udongo umeporomoka, hakujua ni barabara gani. Nikaliambia wazo, saa kumi na moja. Likacheka. Shemeji alisema, "Usiishike simu hiyo." Nikaishika. Nikapiga. Hakupokea. Nikapiga tena. Nilipiga mara kumi na nne, na kila alipokosa kupokea niliona lori liko chini ya udongo, naona mpaka rangi ya viatu vyake.

Ya kumi na tano alipokea. Alisema neno moja tu, "Baba," kisha nikasikia kelele ya chuma, kisha simu ikakatika.

Sijui nilifikaje kiwandani. Shemeji anasema nilitoka na shati la mteja mkononi, nikakutana naye njiani nikamrudishia. Walinikalisha ofisini. Baada ya saa nzima waliniambia yuko salama, hajakwaruzika.

Jioni aliletwa na gari la kiwanda, magoti yamejaa matope. Nilisimama nimkumbatie. Alininyooshea kiganja nisimame hapo.

"Sijawahi kupokea simu nikiendesha," alisema. "Hata siku moja. Leo umepiga mpaka nikasema labda Baba anakufa. Nikasogea pembeni nisimame nikupokee. Ukingo ulikuwa umelowa, ukameguka. Lori limelala ubavu mtaroni. Maziwa ya wafugaji wa milima miwili yamemwagika yote. Barabarani nilikuwa salama, Baba. Nilipata ajali kwa kusimama ili nikuambie kuwa niko salama."

Aliingia chumbani kwake. Sikumfuata.

Ijumaa, 10 Aprili
Hajasema na mimi.

Jumamosi, 11 Aprili
Amesema "chumvi".

Jumapili, 12 Aprili
Nimempigia pasi sare zake zote. Hakuna mstari hata mmoja uliopinda. Nimeziweka mlangoni. Baadaye hazikuwepo.

Jumatatu, 13 Aprili
Nilimwambia mshauri mimi ni mtu wa hatari. Nilitaka anikaripie. Badala yake alisema, "Nisimulie siku aliyofariki mkeo."

Sijawahi kuisimulia nzima. Ilikuwa siku njema, ndilo linaloniumiza. Jua lilitoka baada ya mvua, kamba zote zimejaa, na mimi naimba. Alikuja mlangoni na vibanio mdomoni, kama kawaida yake, akavitoa akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia, "Ni jua hilo, kunywa maji." Akanywa. Nikaendelea kuimba. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini ya kamba, ameegemea beseni. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani, ulipasuka.

"Siku zote nilikuwa mtu asiyewaza," nilimwambia mshauri. "Siku hiyo sikuwaza kabisa. Na ndiyo siku aliyoondoka."

Alisogeza kiti. "Kwa hiyo tangu hapo ukaapa hutaimba tena."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Baba, kama siku ile ungekuwa umekaa unawaza tangu asubuhi, huo mshipa ungesikia?"

Nililia. Hakunikatiza. Mwishowe nikamjibu kuwa usingesikia. Mshipa hauna masikio.

Kisha akanipa jaribio, la mwisho asema. Jumanne na Alhamisi nisiwaze kabisa, hata saa kumi na moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niwaze dakika zangu kwa bidii zote, ila saa kumi na moja ya alfajiri, lori likiwa bado njiani. Niandike lori limefika saa ngapi. Ananitaka nione mwenyewe.

Jumatano, 15 Aprili
Lori limetolewa mtaroni. Kiwanda kimempa onyo la maandishi na kumrudisha kazini.

Leo alikuja kukaa kwenye meza ya pasi, pale anapokaa tangu akiwa mdogo, miguu ikining'inia. Sasa inafika chini.

"Baba, kuna jambo nimekuficha tangu Februari."

Kiwanda kinafungua tawi jipya, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Wanamtaka akawe msimamizi wa madereva. Msimamizi, si dereva. Alitakiwa kujibu mwisho wa Machi. Akaomba muda. Baada ya ajali alidhani wamebadili nia, lakini bosi amemwambia onyo ni onyo na kazi ni kazi. Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nikiwa hapa unapiga mara kumi na tisa. Nikienda kule si utaota mizizi kwenye simu?"

Alisema hivyo kwa kutania, lakini macho yake hayakutania. Nikaelewa kuwa mwanangu amekaa hapa kunilinda, kama nilivyodhani mimi namlinda yeye. Nikamuuliza, kama nisingekuwa mgonjwa, angejibu nini? Hakusita. "Ningekwenda, Baba. Naipenda ile kazi hata kabla sijaianza."

Nikamwomba aningoje mpaka tarehe ishirini na tisa. Akasema, "Nakungoja."

Alhamisi, 16 Aprili
Sikuwaza. Kwa kweli nilijaribu kutowaza, mawazo yalikuja, sikuyakalia. Alifika saa sita na nusu.

Ijumaa, 17 Aprili
Niliwaza dakika kumi na tano kwa bidii zote, nilitoa jasho. Alifika saa sita na nusu.

Jumatatu, 20 Aprili
Niliwaza. Saa saba kasoro robo. Foleni ya ng'ombe barabarani.

Jumanne, 21 Aprili
Sikuwaza. Saa sita na robo.

Jumatano, 22 Aprili
Niliwaza, lakini dakika ya nane nilisinzia. Shemeji aliniamsha: "Shemeji, mgeni wako wa saa kumi na moja anakungoja, unamlalia?" Saa sita na nusu.

Alhamisi, 23 Aprili
Sikuwaza. Mvua kubwa sana. Saa sita na nusu.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimelipitia daftari mara mbili. Lori halijui. Nikiwaza halijui, nisipowaza halijui. Mwaka mzima nimekuwa nikilisukuma kwa kichwa changu, na lilikuwa linakwenda kwa dizeli na kwa akili ya mwanangu.

Nilitegemea nikiligundua hili nitaona uchungu kwa muda uliopotea. Nimeona wepesi. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 29 Aprili
Niliamka kabla yake nikamchemshia chai. Nilimwambia, "Kawaambie ndiyo."

Aliweka kikombe chini. "Una hakika, au umelazimishwa na mshauri?"

"Mshauri hajui habari hii. Na sina hakika. Nitawaza, mwanangu. Nitakuwazia sana wiki ya kwanza. Lakini kuwaza ni kwangu, nitakupangia saa yake. Wewe nenda."

Aliniangalia kama anayeangalia shati akitafuta doa. Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, kama mama yake alivyokuwa akifanya, akipangusa pua kwa nyuma ya mkono.

Jumatatu, 4 Mei
Seremala amemaliza kile kitanda. Mteja amekipokea. Anasema sauti ilimwambia miguu si sawa, akapima, ikawa sawa, akaisonya.

Ijumaa, 8 Mei
Leo ni mwaka. Tulikwenda kaburini asubuhi, watatu, tukang'oa majani, tukarudi kazini maana mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yananisubiri.

Saa kumi na moja nilikaa kwenye kigoda kwa mazoea. Wasiwasi haukuja. Alikuja yeye. Nilimkumbuka akivuta shuka upande wake na mimi upande wangu, tunalinyoosha kabla ya kulikunja, na alivyokuwa akilivuta ghafla kwa makusudi ili nijikwae nimwendee. Nilikuwa sijalikumbuka hilo tangu azikwe. Kila nilipomkaribia, nilikutana na ile siku ya mwisho imesimama mlangoni na swali lake, ungefanya nini, ungefanya nini. Leo mlango ulikuwa wazi.

Nimelia vizuri. Sijui kama watu husema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baadaye shemeji alishika ncha za upande wa pili, tukakunja mashuka yote. Hakusema utani hata mmoja. Nilipomaliza nikagundua nilikuwa naimba kwa sauti ya chini.

Jumanne, 12 Mei
Mvua inapungua. Nguo zinakauka kwa siku moja.

Jumapili, 17 Mei
Ameondoka leo. Sanduku moja, godoro moja, na ndoo aliyosema hawezi kuishi bila hiyo. Shemeji alimpa nasaha robo saa: asikope sabuni, asimwamini mwenye nyumba anayecheka sana, asiolewe bila kumletea mtu amkague. Mimi nilikuwa na orodha ndefu kuliko yake. Breki, madaraja, ukingo uliolowa. Ilipanda mpaka kooni. Niliiacha ikae hapo, nikamuuliza kama amefungasha pasi.

"Nimefungasha, Baba."

"Basi uko tayari."

Gari lilipokata kona mawazo yote yalikuja kwa mkupuo, kama wateja siku ya mkesha wa sikukuu. Niliyaona. Nikarudi ndani. Sare za hospitali zilikuwa zimelowa kiasi kizuri cha kupigwa pasi, na zikikauka zaidi zinasumbua.

Jumatano, 20 Mei
Nilimuwaza dakika kumi na tano, halafu nikaongeza tano za wizi. Nimekiri kwa mshauri. Amesema hata yeye huiba.

Jumapili, 24 Mei
Amepiga leo mchana. Tulikubaliana Jumapili kwa Jumapili, na mpigaji ni yeye. Anasema madereva saba chini yake wote wamemzidi umri, mmoja anamwita "bibi mdogo" na hakasiriki. Chumba chake kina dirisha kubwa na paa linalovuja juu ya kitanda.

Kisha sauti yake ikabadilika. "Na wewe, Baba? Niambie ukweli. Hofu ni nyingi?"

Nilijichunguza kabla ya kujibu, maana nilitaka ukweli kama yeye.

"Hofu ipo kidogo. Hamu ndiyo nyingi."

Nilisikia kuku wa huko.

"Hata mimi, Baba. Hamu tele."

Tukakaa hivyo, simu sikioni, hakuna aliyekuwa na haraka. Halafu akaniuliza godoro lililolowa linakaushwaje bila kutoa harufu, nikamwambia asilianike bapa, alisimamishe wima kwa upande, jua la asubuhi kwanza, ageuze saa sita, na alipige kwa fimbo. Akaniambia ngoja niandike. Nikamngoja.